Daraja kwa Daraja: Utumishi wa Meja Jenerali Fatuma Gaiti Ahmed

Msafiri asimamaye Mururu, wilayani Rusizi, akautazama mto utokao Ziwa Kivu ukiteremka baina ya Rwanda na Kongo, huona jinsi nguvu iliyopita bure tangu zama za wahenga ilivyofungiwa mitambo, ikawa umeme ugawanywao kwa Rwanda, Burundi na Kongo. Mto haukuongezewa hata tone la maji. Watu ndio walioitambua nguvu iliyokuwamo. Hali kadhalika majeshi ya Afrika Mashariki, ambayo kwa muda mrefu yaliiacha nusu ya watu wao ipite kando ya lango la kambi.

Fatuma Gaiti Ahmed wa Kenya aliingia jeshini mwaka 1983, wakati ambapo askari wa kike wa nchi hiyo walikusanywa peke yao katika Kikosi cha Huduma cha Wanawake, kilichoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kikosi hicho kilikuwa mlango, kwani bila yake mwanamke asingalivaa sare. Tena kilikuwa ukuta, kwani ofisa hupandishwa kwa kulinganishwa na wenziwe, na asiyetiwa katika mizani moja nao hajulikani uzito wake. Karne ilipokuwa ikimalizika kikosi kilivunjwa, wanawake wakagawanywa katika majeshi ya nchi kavu, ya anga na ya majini, na hesabu ya vyeo ikawa moja.

Matunda yake yaliiva taratibu. Agosti 2015 Fatuma akawa mwanamke wa kwanza nchini Kenya kufikia cheo cha Brigedia. Julai 2018, miaka 35 tangu aingie, akawa Meja Jenerali wa kwanza wa kike, akakabidhiwa mambo ya watumishi na ugavi katika makao makuu. Kazi hiyo haina mshindo wa mizinga, lakini askari asiyefikiwa na chakula, mafuta na risasi hapigani, hata awe shujaa namna gani. Kisha Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, alipofariki katika ajali ya helikopta tarehe 18 Aprili 2024, uongozi ukapangwa upya, na mwezi wa Mei Fatuma akateuliwa Kamanda wa Jeshi la Wanahewa, mwanamke wa kwanza kuliongoza mojawapo ya majeshi matatu ya Kenya.

Nasi Rwanda si wageni wa habari hii. Rose Kabuye, aliyekulia ukimbizini Uganda na kusoma Makerere, alipigana vita vya miaka ya 1990, akafikia cheo cha Luteni Kanali, na baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 akawa meya wa Kigali, mji uliofiwa. Nchini Uganda, Proscovia Nalweyiso alifika daraja ya Luteni Jenerali. Lakini hao wawili walitokea katika vita vya msituni, ambako dharura yenyewe huvunja desturi. Fatuma alipanda ndani ya jeshi la kawaida, ambako desturi ina mizizi na haing'oki ila kwa kanuni.

Kwa hiyo subira ya binti mmoja, pamoja na fadhila zake zote, isingalitosha lau dola isingalithubutu kuubomoa ukuta iliyoujenga kwa mikono yake. Miaka 41 ilipita baina ya kuingia kwake na kukabidhiwa amri ya jeshi. Binti wa leo, akipimwa kwa mizani ileile tangu siku ya kwanza, hana sababu ya kungojeshwa kiasi hicho.