Umepata kazi mashinani Pwani? Wikendi ndiyo itaamua kama utadumu

Ukimwambia rafiki yako wa Umoja au Kahawa West kwamba umepata kazi Pwani, wivu utamshika hapo hapo. Atataja ufuo, madafu na picha za machweo, kisha atauliza utamkaribisha lini. Hatauliza maji utachota wapi. Na wewe mwenyewe, siku ulipopokea ile barua, ulikuwa unawaza Nyali. Kumbe barua imeandikwa Magarini.

Nakuandikia nikiwa nimemaliza mwaka mmoja na miezi kadhaa Marafa, kaunti ya Kilifi. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilipogoma kabisa, na hiyo ni hadithi ya siku nyingine. Kazi yangu ni kuuza taa za sola kwa mkopo vijijini. Mteja anatoa kianzio, anafungiwa taa, halafu analipa kidogo kidogo kwa simu. Asipolipa, taa inajizima yenyewe. Shika hapo kwa hiyo habari ya kujizima, tutairudia.

Kwanza ujue uko wapi. Ukitoka Malindi unavuka daraja la Sabaki, unapita Mambrui, halafu unaipa bahari mgongo na kuingia bara. Bahari huioni tena. Unaona mikorosho, miembe, vichaka vya miiba na mahindi yanayongoja mvua. Lakini pale darajani, mwombe dereva wa boda asimame kidogo. Ule mto ndio Athi, umebadilisha jina tu njiani, ukawa Galana, ukawa Sabaki. Na Mto Nairobi unamwaga maji yake humo humo. Yale maji uliyokuwa ukiyaruka kule Grogan ukiziba pua, yako chini ya miguu yako, rangi ya chai ya maziwa, yakiingia Bahari Hindi. Mimi hiyo ndiyo iliniondolea upweke wiki ya kwanza, usinicheke.

Maisha ya kila siku hayana siri kubwa. Chumba ni cha mabati, na wakati wa kaskazi, hasa Februari na Machi, usiku hakulaliki ndani. Pesa ya runinga nunua feni. Pesa ya feni ikikosekana, nunua mkeka ulale uani kama majirani. Maji yanakuja kwa mitungi ya lita 20, kwa punda au boda, na utajifunza kuoga kwa kikombe. Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi, jioni sima na mtsunga, ile mboga chungu ambayo utaikataa wiki mbili kisha uanze kuitafuta mwenyewe. Mnazi utapewa. Kunywa ama kataa, lakini kataa kwa adabu.

Kinachowashinda watu wa bara wengi ni salamu. Nairobi unapita watu hamsini ngazini bila neno. Huku mtu mzima unampa shikamoo, anaitikia marahaba, halafu mnaulizana ya nyumbani, ya watoto, ya shamba, ya mvua. Nimeona wenzangu wakirukia "mama, nimekuja na ofa" kabla hawajakaribishwa kiti. Watasikilizwa kwa heshima zote, watapewa maji ya kunywa, na hawatauza hata taa moja.

Sasa turudi kwa hiyo taa. Mjini kazi yako inabaki kazini. Anayekudai na unayemdai hamjui nyumba ya mwenzake. Huku mama ambaye Jumanne umemfuata kumkumbusha deni, Jumamosi mmebanana kiti kimoja kwenye matatu, kuku wake akiwa miguuni pako. Kuna maboma ambako watoto wakikuona wanakimbilia ndani, wakidhani umekuja kuzima. Na wengi hawakatai kulipa. Pesa zao zinakuja kwa msimu, maembe na korosho mwishoni mwa mwaka, na mahindi kama mvua imekubali. Mfumo wa kampuni unataka shilingi za kila siku. Nani alikaa ofisini akaamua kwamba mkulima analipwa kila siku, mimi sijui.

Ndiyo maana nasema wikendi. Vijana wanaoletwa huku kwa mkataba ninawaona wa aina mbili. Wa kwanza, Ijumaa saa tisa yuko steji, anakimbilia Malindi au Mombasa kutafuta muziki na stima isiyopotea. Kufikia tarehe 15 mshahara umeisha njiani, na bado kijijini anaitwa "yule wa taa". Wa pili anajifungia chumbani na filamu mpaka bando imalizike. Wote wawili mara nyingi huondoka kabla mkataba kuisha. Si joto linalowafukuza. Hawana mtu.

Anza na Nyari, ambako vitabu vya watalii hupaita Jikoni mwa Shetani. Ni korongo la mchanga uliokatwa na mvua miaka na miaka, likabaki na kuta na minara ya rangi nyeupe, waridi, chungwa na nyekundu. Wazee wanasimulia kuwa paliishi familia tajiri iliyokuwa ikioga maziwa wakati majirani wana shida, mpaka Mungu akakasirika na ardhi ikawameza. Nenda saa kumi na moja jioni, jua likiwa linashuka, na umlipe kijana wa kijiji akuongoze hata kama njia unaijua. Mchana wa saa saba usijaribu, utaelewa hilo jina la shetani.

Wikendi nyingine shuka Mambrui. Kuna kaburi la mnara la zamani ambalo lilipambwa kwa bakuli za kauri za Kichina. Usishangae. Mwaka wa 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China, kwa hiyo bahari hii ilikuwa na shughuli zake kabla ya Vasco da Gama kutia nanga mwaka wa 1498. Ukiendelea kaskazini unapita mashamba ya chumvi ya Gongoni, kisha Ngomeni. Simama ufuoni utazame majukwaa ya chuma baharini. Pale, tarehe 12 Desemba 1970, Waitaliano walirusha setilaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru, kwa sababu ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Kando yako wavuvi wanatengeneza nyavu na hawana habari na mshangao wako.

Gede nayo, nenda na mtu wa huku. Mimi nilienda na rafiki yangu wa boda, umri wake 24, amezaliwa Magarini na amebeba wageni wengi sana, lakini ndani ya magofu hakuwahi kukanyaga. Beba kitambulisho, raia analipa ada ndogo. Tulitembea msikitini, kwenye visima, tukafika kaburi lenye tarehe inayolingana na mwaka wa 1399. Kima wakatuibia ndizi. Jamaa alinyamaza muda mrefu, halafu akaniuliza mbona shuleni walimkaririsha safari za Mreno na hawakumpakia kwenye basi hata siku moja kuja hapa. Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayepanga safari. Yeye ndiye aliyenipeleka Bungale, hapo hapo Magarini, alikozikwa Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuwakataa Waingereza mwaka wa 1913. Wakamkamata, wakampeleka mbali upande wa Kisii, akatoroka, akarudi kwao.

Halafu kuna wikendi ambazo huendi popote, kwa sababu kuna matanga. Kwa Wagiriama matanga ni mkutano mkubwa, watu wanakesha, wanapika, wanacheza ngoma. Kampuni haitakwambia hili, lakini nenda. Beba viti, chota maji, changa ulicho nacho. Mimi baada ya matanga ya pili niliacha kuitwa "yule wa taa" nikaanza kuitwa kwa jina. Na wateja waliokuwa wanajificha wakanza kunipa ukweli: "Mwanangu, korosho hazijauzwa, rudi baada ya wiki mbili." Ukirudi baada ya wiki mbili, pesa ipo.

Usidhani basi mambo yote yamenyooka. Mfumo haujui matanga. Kuna nyumba moja karibu na ninapolala ambapo taa ilizima wiki ya mitihani, na msichana wa hapo akawa anakuja kusomea kwangu mlangoni, nyanya yake ameketi kando kwenye kigoda. Mimi sina kitufe cha kuiwasha. Niliandikia ofisi kuomba malipo yafuate msimu wa mavuno, nikaweka hesabu za wateja wangu wote kuonyesha kwamba wanalipa, ila si kila siku. Nimejibiwa kuwa wazo limepokelewa. Hiyo ilikuwa miezi minne iliyopita.

Mkataba wangu unaisha Desemba, maembe yakiwa yameiva. Wameniuliza kama nataka kuhamishiwa mjini Mombasa, mshahara ukiongezwa kidogo. Bado sijawajibu. Jumamosi hii tunaenda Arabuko-Sokoke, watu sita, akiwemo yule msichana na nyanya yake, ambaye anasema msitu huo ameuona miaka yote kupitia dirisha la basi tu. Tunatoka saa kumi na moja alfajiri. Matatu ya kwanza ikijaa, ya pili haina saa.