Bustani ya Nyumbani: Hesabu Itangulie Jembe

Familia nyingi za mijini hununua fungu la mboga za majani karibu kila siku, na kwa kuwa fedha hutoka kidogo kidogo, gharama yake haionekani hadi mwezi uishe. Bustani ndogo yaweza kuipunguza. Hata hivyo, si kila zao hurudisha gharama yake, na ndiyo maana tunamshauri mlaji apige hesabu kwanza.

Zenye faida ni mboga zinazochumwa mara kwa mara. Mchicha huwa tayari baada ya wiki tatu au nne. Sukuma wiki, ikichumwa majani ya chini na kuachiwa kichwa, huendelea kutoa kwa miezi kadhaa. Matembele huota kwa kipande cha shina tu, nacho aghalabu jirani hukitoa bure. Kabichi hukaa bustanini takriban miezi mitatu ili itoe kichwa kimoja, na vitunguu hukaa zaidi. Hivyo ni afadhali kuvinunua sokoni. Kwa matunda twapendekeza papai, ila ipandwe miche mitatu katika shimo moja, kwa kuwa mingine huwa dume na haijulikani hadi ichanue.

Asiye na uwanja atumie gunia: udongo sehemu mbili, samadi iliyooza sehemu moja, na nguzo ya kokoto katikati ili maji yafike chini. Chombo kilichowahi kuwekwa dawa za kilimo au kemikali kisitumike kamwe.

Kinachomeza akiba zaidi ni maji. Tuchukulie kwamba dumu la lita 20 ni shilingi 200, na bustani yahitaji dumu moja kwa siku: kwa siku 30 ni shilingi 6,000. Mboga zitakazochumwa zisipofikia thamani hiyo sokoni, mlaji amepata hasara. Maji yaliyooshea mchele au mboga yafaa sana.

Kuhusu mbegu, nchini Tanzania pakiti ya mbegu zilizothibitishwa hubeba lebo ya TOSCI. Mlaji asikubali mbegu zilizofunguliwa na kupimwa kwa kijiko, hata zikiwa rahisi. Asome tarehe ya mwisho wa matumizi, adai risiti, na ahifadhi pakiti hadi mbegu ziote. Zisipoota, risiti na pakiti hiyo ndivyo vitakavyokuwa ushahidi wa malalamiko yake.