Mshauri nasaha wa mtandaoni: Siri ya nyumba tumkabidhi nani?

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.). Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, hutujia watu baada ya Swala wakiuliza kwa sauti ya chini: je, yafaa mwenye dhiki ya moyo azungumze na mshauri nasaha kwa njia ya mtandao, na atamjuaje aliye mwema? Mmoja ni mama asiyepata usingizi tangu ajifungue. Mwingine ni kijana aliyekata tamaa ya kila jambo. Mara nyingi nyumbani wamekwishaambiwa kuwa wana upungufu wa imani.

Kauli hiyo si ya haki. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 322 Hijria (934 Miladia), aliandika kitabu juu ya afya ya miili na nafsi. Humo alizungumzia ghadhabu, hofu, huzuni na wasiwasi kuwa ni maradhi yenye tiba zake. Dua na Qur'ani haziachwi. Na mtaalamu naye ni sababu miongoni mwa sababu alizotujaalia Mola wetu.

Ama kuhusu mtandao, tafiti zimeonyesha kuwa kwa watu wengi wenye sonona au wasiwasi, mazungumzo ya ana kwa ana na yale ya video hukaribiana kwa matokeo. Hatari, basi, haimo katika chombo. Imo katika kumkabidhi siri zetu tusiyemjua. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa anayeombwa ushauri amebeba amana, na amana haikabidhiwi kwa kila mwenye tangazo zuri.

Kwanza, tuulize elimu na usajili wake. Nchini Kenya, kwa mfano, Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliweka bodi ya kusimamia kazi hiyo. Mtaalamu wa kweli hakasiriki akiulizwa alisoma wapi, amesajiliwa wapi, na amewahi kuhudumia watu wenye tatizo kama letu.

Pili, tuulize siri itahifadhiwaje. Je, mazungumzo yanarekodiwa? Nani huyasoma maandishi yake? Ni katika hali gani atalazimika kumwambia mtu mwingine? Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2019, na Tanzania tangu mwaka 2022. Kwa hiyo kuuliza ni haki yetu.

Tatu, tuangalie adabu yake kwa dini yetu. Mtaalamu asiye Mwislamu lakini anayeiheshimu Swala na Saumu ya mgonjwa ni bora kuliko Mwislamu asiyeijua kazi. Mwanamke anayeona haya kuzungumza na mwanamume amtafute mwanamke mwenzake. Mtandao umelirahisisha hilo hata kwa aliye mbali na mji.

Nne, tumkimbie anayeahidi uponyaji wa siku moja, anayetaka malipo makubwa kabla ya kusikiliza, au anayemhukumu mgonjwa kuwa ana jini kabla hajamuuliza neno. Na kama baada ya vikao vichache mgonjwa haoni kuwa anasikilizwa, si dhambi kubadilisha mshauri.

Nasi wa nyumbani tuna wajibu wetu. Mgonjwa apewe chumba chenye mlango unaofungwa, na asisimame mtu nyuma ya mlango huo kusikiliza. Kupeleleza kumeharamishwa, na mume au mama mkwe hakuruhusiwa.

Lakini anayesema anataka kujiua, asisubirishwe miadi ya mtandaoni. Asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Kuokoa nafsi moja mbele ya Mola wetu ni jambo kubwa mno.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na awape washauri waaminifu. Amin.

Wabillahi Tawfiq.