Aneuploidi: kromosomu moja inapozidi au kupungua

Karibu kila seli ya mwili wa binadamu hubeba kromosomu 46, jozi 23, nusu kutoka kwa mama na nusu kwa baba. Ikizidi moja, au ikikosekana moja, hali hiyo huitwa aneuploidi.

Jina lilitolewa mwaka 1922 na Gunnar Täckholm, mtaalamu wa mimea wa Sweden aliyekuwa akichunguza kromosomu za mawaridi. Tayari kulikuwa na maneno haploidi na diploidi, seti moja na seti mbili, yaliyobuniwa na Eduard Strasburger mwaka 1905 kwa mizizi ya Kigiriki. Täckholm alihitaji jina la hesabu isiyotimia seti. Matoke, kwa mfano, yana kromosomu 33, seti tatu kamili za 11, kwa hiyo hayahusiki. Yangekuwa na 34, yangehusika.

Kwa binadamu kasoro hii huanzia mara nyingi kwenye yai. Mayai ya mwanamke huanza kujigawa yeye mwenyewe akiwa bado tumboni mwa mamake, kisha husimama kazi ikiwa nusu, miaka na miaka, mpaka siku ya kupevuka. Protini zinazoshikilia kromosomu huchakaa katika muda huo. Jozi isipoachana vizuri, yai huondoka na kromosomu mbili badala ya moja, ndiyo maana uwezekano hupanda kadiri umri wa mama unavyosonga. Mbegu ya baba nayo huweza kukosea, ingawa kwa nadra zaidi.

Kromosomu ya 21 ikiwa tatu, mtoto huzaliwa na hali ya Down. Ugunduzi huo ulitangazwa Paris mwaka 1959. Daktari Marthe Gautier ndiye aliyeotesha seli maabara, akitumia hata damu yake mwenyewe kuzilisha. Katika makala ya ugunduzi huo, jina la mwenzake Jérôme Lejeune likatangulia, na la Gautier likachapishwa likiwa na makosa ya tahajia.

Mwanamke aliyepoteza mimba changa bado huambiwa alibeba ndoo nzito, au amerogwa. Si haki hata kidogo. Takriban nusu ya mimba zinazotoka katika miezi mitatu ya kwanza zina kasoro ya kromosomu, na hakuna ndoo inayoweza kuongeza kromosomu ndani ya yai. Mimba zikitoka mara kwa mara, mume na mke waende hospitali pamoja, kwa kuwa kromosomu za wote wawili hupimwa kwa damu.