Nyumba Isiyotupa Kitu

Mwezi huu napenda tuongee habari za nyumba. Si habari za kuta na paa, bali za ua, na jiko, na kile kipande cha udongo kilicho nyuma ya jiko. Watu wengi wasikiapo neno "mali" hufikiri fedha na vitu vya dukani. Walakini iko raha nyingine isiyouzwa dukani, nayo ni raha ya kula mboga uliyoipanda mwenyewe, na kushika jembe ambalo mpini wake umeuchonga kwa mikono yako. Raha hiyo si ndogo, tena ina faida ambayo huonekana zaidi siku za taabu.

Ili tusiseme maneno matupu, na tutazame mfano ulio wazi, yaani kihamba cha Wachaga katika miteremko ya mlima Kilimanjaro. Kihamba ni shamba lizungukalo nyumba, urithi wa baba kwa mtoto. Mgeni akiingia mara ya kwanza hudhani ameingia msituni. Lakini akitulia na kutazama, ataona kwamba kila kitu kimewekwa mahali pake. Juu kabisa iko miti mirefu, kama mringaringa, ipunguzayo ukali wa jua, nayo hutoa kuni na mbao, tena mizinga ya nyuki hutundikwa katika matawi yake. Chini ya miti iko migomba. Chini ya migomba uko mibuni. Na chini kabisa, penye unyevu na kivuli, yako magimbi, maharagwe na mboga. Mpakani hupandwa isale, mmea ambao jani lake ni ishara ya amani: mtu aliyemkosea jirani yake humpelekea jani la isale kuomba radhi. Basi mmea ule ule utengao mashamba ndio upatanishao wenye mashamba.

Lakini neno kubwa la kihamba ni hili: hakuna kitu kinachotupwa. Ng'ombe na mbuzi hufugwa zizini, nao huletewa majani. Mgomba ukiisha kukatwa mkungu wake, gogo lake hukatwakatwa likawa chakula cha ng'ombe, chenye maji mengi hata wakati wa ukame. Ng'ombe hutoa maziwa, tena hutoa samadi. Samadi hurudi shinani pa mgomba. Mgomba huzaa tena. Majani makavu ya mgomba hutandazwa juu ya udongo ili unyevu usipotee. Maganda ya ndizi huenda kwa mbuzi. Hata maji yalikuwa yakitunzwa hivyo: wazee walichimba mifereji iitwayo mifongo, wakayaleta maji kutoka mabonde ya juu hata mashambani, wakayagawana kwa zamu, na siku ya kusafisha mfereji walitoka wote pamoja. Kila kitu huzunguka, na mwenye nyumba ndiye auzungushaye mzunguko huo kwa mikono yake.

Labda mtu atauliza, "Hayo yote yafaa nini siku hizi, maadam fedha zaweza kununua kila kitu?" Na tuikumbuke habari ya kahawa. Wamisionari waliipanda Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na wenyeji wakaipokea kwa bidii. Mwaka 1925 wakulima walianzisha chama chao, na mwaka 1933 chama kikuu cha ushirika, K.N.C.U., kilianza kazi. Kahawa ilileta karo za shule, na mabati, na nguo. Hatuwezi kuidharau. Lakini mwaka 1989 mapatano ya mataifa juu ya kugawana soko la kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka vibaya, pasipo kosa la mkulima yeyote.

Tuseme wakati huo palikuwa na nyumba mbili jirani, zenye mashamba sawasawa. Ya kwanza ilikuwa imeng'oa migomba mingi ili kuongeza mibuni, na mboga ilinunua sokoni. Ya pili iliiacha migomba mahali pake, ikawa na kitalu cha mboga karibu na mlango wa jiko, na ng'ombe mmoja zizini. Bei ilipoanguka, nyumba zote mbili zilikosa fedha. Lakini nyumba moja tu ndiyo iliyokosa chakula. Mgomba hauna msimu mmoja kama mahindi. Mikungu hukomaa kwa zamu mwaka mzima. Fedha ni rafiki mwema, ila hukaa mbali na hukawia njiani. Bustani hukaa mlangoni.

Najua wasomaji wengi hawaishi mlimani, wala hawana mvua nyingi kama kule. Lakini kanuni ya kutotupa kitu hufaa kila mahali, nayo yaweza kuanzwa penye ua mdogo kabisa. Haya ndiyo mambo manne ya kuanzia.

Kwanza, mbolea. Chagua pembe ya ua yenye kivuli. Panga majani makavu, juu yake majani mabichi na maganda ya jikoni, kisha samadi, na majivu kidogo. Rudia hivyo hata lundo lifike kiunoni. Linyunyizie maji, liwe na unyevu wa nguo iliyokamuliwa. Chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku chache kichomoe ukishike: kikiwa na joto, lundo linafanya kazi, kikiwa baridi na kikavu, liongeze maji. Baada ya wiki 3 hivi ligeuze. Miezi miwili au mitatu ikipita, utakuta udongo mweusi wenye harufu ya msitu baada ya mvua. Watoto hupenda sana kazi ya kijiti. Wapeni kuwa zamu yao.

Pili, kitalu cha mboga. Kiwe karibu na jiko, maana kilicho karibu hutunzwa na kilicho mbali husahauliwa. Upana wake usizidi hatua moja, ili mkono ufike katikati pasipo kukanyaga udongo. Mbegu za mchicha ni ndogo mno. Zichanganye na mchanga mkavu kabla ya kuzitawanya, zisianguke zote mahali pamoja. Funika kwa udongo mwembamba na nyasi, na chipukizi zitokeapo uziondoe nyasi. Mwagilia asubuhi au jioni, si jua la utosi. Baada ya wiki 3 au 4 utaanza kuvuna. Wala usipande kitalu chote siku moja. Panda sehemu, na baada ya wiki 2 sehemu nyingine, ndipo mboga haitakatika mezani. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, kichanja cha vyombo. Simika miti minne yenye panda, urefu wa kiunoni, kisha funga fito juu yake kwa kamba. Vyombo vilivyooshwa hukauka juani, mbali na vumbi, na kuku, na mbwa. Ni kazi ya nusu siku tu, tena haina gharama. Na chini yake, pale maji yadondokapo, panda magimbi, maana hupenda unyevu. Hivyo hata tone la maji ya vyombo halipotei.

Nne, mpini. Kata mti mgumu ulionyooka, ukauke kivulini, kwa sababu ukikaushwa juani hupasuka. Uchonge kwa shoka dogo, kisha ulainishe kwa kigae cha chupa hata usikwaruze kiganja, na mwisho uupake mafuta. Mpini ulionunuliwa hufanya kazi. Lakini ule uliochongwa na baba huku mtoto akitazama hufanya kazi na kufundisha pia.

Katika hayo yote, msiyasahau majivu. Mama wengi huyamwaga kila asubuhi, kumbe ni hazina. Maharagwe ya mbegu yakichanganywa na majivu makavu katika chungu hayaharibiwi upesi na wadudu.

Sasa nina neno kwa walimu. Katika shule nyingi imekuwa desturi kumpa mtoto jembe kama adhabu: amechelewa, akalime, amepiga kelele, akamwagilie bustani. Ndugu zangu, tunapanda mbegu gani hapo? Mtoto aliyeshika jembe kwa aibu atalichukia, naye atakuwa mtu mzima aonaye kwamba msomi hapaswi kuwa na udongo mikononi. Kisha twashangaa vijana wakiviacha vihamba vya baba zao vikauke. Mpe mtoto kijisehemu chake, hata kama ni hatua mbili tu, na umwambie, "Hiki ni chako, utakachovuna upeleke kwa mama." Siku atakapofika nyumbani na fungu lake la mchicha, mtazame uso wake. Hatahitaji mafundisho mengine juu ya heshima ya kazi.

Jambo hili lina uzito, maana ardhi haiongezeki. Kihamba kilichomtosha babu kimegawanywa kwa wana, na sehemu ya mwana imegawanywa tena kwa wajukuu. Shamba likipungua, njia ni moja: kulitunza zaidi. Katika shina la mgomba wakulima wema huacha watatu tu, mama azaaye, na mtoto afuataye, na mjukuu achipukaye. Wengine huondolewa, ili wasinyang'anyane chakula. Aliyetunza shina hilo vema halimwishii; mama akikatwa, mtoto yuko tayari.

Basi, kila nyumba isomayo maneno haya na ianze jambo moja mwezi huu, jambo moja tu: kichanja, au lundo, au kitalu cha hatua mbili. Baba achimbe, mama achague mbegu, watoto wateke maji. Na jioni, kazi ikiisha, keti mlangoni kitambo ukatazame. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nasi tukiinama pamoja, tutainuka na kitu mkononi.