Sheria ya Nyumba Ianzie Kwenye Paa

Anayetaka kujenga Mocímboa da Praia, kaskazini ya Msumbiji, hupiga hodi manispaa. Anayetaka kujenga Palma, mwendo wa kilomita kama 80 kwenda kaskazini, manispaa haikuti. Kauli iko kwa serikali ya wilaya. Pwani ni moja, fundi huenda ni yule yule, na pepo zinazovuma hazichagui mji. Kinachotofautiana ni nani anatoa kibali, na zaidi ya hapo, nani ana uwezo wa kuibadili kanuni inaposhindwa kumlinda mwenye nyumba.

Swali hilo lilipata uzito mpya tarehe 25 Aprili 2019. Siku hiyo kimbunga Kenneth kilitua kaskazini ya mji wa Pemba, ule wa Msumbiji, kikiwa na upepo wa kilomita 220 hivi kwa saa, wiki sita tu baada ya Idai kuupiga mji wa Beira. Kisiwani Ibo nyumba nyingi zilivuliwa paa au zililala chini kabisa, na Quissanga na Macomia hawakuwa na nafuu. Tarehe 15 Desemba 2024 kikaja Chido, kilichotoka kuivuruga Mayotte, kikatua Mecúfi, kusini ya Pemba. Pwani iliyokuwa ikihesabiwa kuwa nje ya njia kuu ya vimbunga sasa imo ndani.

Makala hii inaeleza kanuni za nyumba za kuishi zinatungwa wapi na zinarekebishwa vipi katika miji ya kaskazini ya Cabo Delgado. Hoja yangu ni moja: marekebisho yaanze na paa la nyumba ya mtu wa kawaida, kwa sababu hiyo ndiyo nyumba ambayo sheria zilizopo haziioni.

Tabaka tatu za sheria

Tabaka la chini ni la kikoloni. Kanuni kuu za majengo ya mijini za Msumbiji zilitolewa mwaka 1960, zikifuata nyayo za kanuni za Ureno za mwaka 1951. Zinashughulika na ukubwa wa vyumba, kimo cha dari, mwanga, hewa, vyoo na maji machafu. Uhuru ulipopatikana mwaka 1975, sheria za zamani zisizopingana na Katiba ziliachwa ziendelee, na hizi zikaendelea pamoja nazo.

Upande wa hesabu za uhandisi, urithi huo ulizidi hata baada ya uhuru. Kwa miaka mingi wahandisi wa Msumbiji wametumia kanuni mbili za Ureno za mwaka 1983: RSA, inayohusu usalama na mizigo inayobebwa na jengo, na REBAP, inayohusu zege lenye nondo. RSA inaigawa nchi katika kanda mbili za upepo. Kanda ya upepo mkali ni visiwa vya Azores na Madeira, na kwa upande wa bara, ukanda wa kilomita 5 kutoka ufukweni pamoja na maeneo yaliyo juu ya mita 600. Nchi inayogawanywa hapo ni Ureno. Ramani hiyo haina Ibo wala Palma, kwa hiyo mhandisi anayefanya kazi huku hubaki kuamua mwenyewe ni upepo gani aupigie hesabu. Na mwaka 2019, miezi michache baada ya Kenneth, Ureno yenyewe ilizifuta kanuni zote mbili ili kuhamia kanuni za pamoja za Ulaya.

Tabaka la pili ni dikrii za serikali kuu. Inayomgusa mjenzi moja kwa moja ni Dikrii namba 2 ya mwaka 2004, inayopanga utaratibu wa vibali vya ujenzi wa watu binafsi. Mchoro huletwa ukiwa umetiwa saini na mtaalamu aliyesajiliwa, naye huwajibika kwa saini yake. Mamlaka hukagua kazi ikiendelea, na nyumba ikikamilika hutolewa kibali cha kuitumia. Penye manispaa, kibali hutoka kwa meya; pasipo manispaa, kwa mkuu wa wilaya. Kabla ya yote hayo, mwenye kujenga lazima aonyeshe haki ya kutumia kiwanja, ile inayoitwa DUAT, kwa kuwa ardhi yote ni mali ya taifa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1997 inamtambua aliyekaa mahali kwa nia njema miaka 10 hata kama hana hati, lakini dirisha la vibali linataka karatasi. Familia nyingi huishia hapo, zikarudi nyumbani na kujenga bila kibali.

Tabaka la tatu ndilo lililo karibu na mwananchi: kanuni za manispaa, ambazo huku huitwa postura. Mocímboa da Praia ni miongoni mwa manispaa za kwanza 33, zilizofanya uchaguzi mwaka 1998. Halmashauri chini ya meya huandika pendekezo, baraza la wajumbe waliochaguliwa hulijadili na kulipigia kura, na likipita huwa sheria ndani ya mipaka ya mji. Postura haiwezi kupingana na sheria ya nchi, ila inaweza kuongeza pale nchi iliponyamaza. Palma haina baraza la namna hiyo. Kanuni yao ibadilishwe Maputo, au wilaya na mkoa wasukume mpaka waziri aitie saini.

Hesabu ya bati moja

Tuiache karatasi kidogo, tupande juu ya nyumba. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne. Kwa kasi ya kilomita 220 kwa saa, shinikizo lake hufika kama kilo 230 kwa kila mita ya mraba. Unapopita juu ya paa hulivuta kwenda juu, na kwenye kingo na pembe mvuto huwa mkali zaidi. Dirisha likivunjika, upepo ulioingia ndani nao husukuma kutoka chini. Bati moja la mita 3 kwa sentimita 90 lina uzito wa kilo 10 au 12 tu, na nguvu inayotaka kulinyanyua inaweza kupita kilo 600.

Nani analizuia? Msumari unalishika bati kwenye papi, papi inashikwa na kenchi, kenchi inashikwa na lenta, lenta inashikwa na ukuta, ukuta unashikwa na msingi. Nguvu ile yote hupita katika kila kiungo mpaka ardhini, na kiungo kimoja kikilegea vingine vyote ni bure. Mara nyingi palipolegea ni pale kenchi inapolala juu ya ukuta ikishikwa na msumari mmoja, au na uzito wake wenyewe.

Nyumba ya miti na udongo ina mfuatano wake. Nguzo, nyingi za mikoko, huchimbiwa ardhini, fito hufungwa kwa kamba na kukandikwa udongo, mtambaapanya hulazwa juu ya nguzo, makombamoyo hushuka kutoka kileleni, makuti hufunika. Makuti hupitisha upepo kiasi, na yakipeperuka huwa hasara ya siku chache, kwani ni mepesi na jirani yanapatikana. Balaa kubwa linakuja hatua inayofuata. Mtu akipata fedha kidogo, jambo la kwanza ni kuyavua makuti na kuezeka bati juu ya miti ile ile. Sasa paa halipitishi upepo, linavutwa kwa nguvu nzima, na chini yake kuna makombamoyo yaliyofungwa kwa kamba iliyokusudiwa makuti. Bati linalong'oka hukata kama panga. Kwa macho ya jirani ile ni nyumba iliyopanda daraja. Kwa hesabu ya kimbunga, imeshuka.

Kanuni za mwaka 1960 hazikumfikiria mtu huyu. Zilitungwa kwa ajili ya mji wa saruji, na wakazi wa vitongoji vya nje zikawahesabu kama watu wa muda. Wale wa muda ndio walio wengi leo.

Quitunda na Kenya

Nchi hii imewahi kuona sheria ya nyumba ikitungwa upesi. Huko Moatize, mkoani Tete, familia zilizohamishwa kupisha mgodi wa makaa wa kampuni ya Vale zilipelekwa Cateme, zikalalamikia nyumba zenye nyufa na paa zinazovuja. Januari 2012 zikafunga njia ya reli. Agosti mwaka huo huo serikali ikatoa Dikrii namba 31 ya 2012 kuhusu uhamishaji unaotokana na miradi ya uchumi. Humo mna vipimo bayana: nyumba ya vyumba vitatu vya kulala, ya vifaa vya kudumu, isiyopungua mita za mraba 70, katika kiwanja cha mita za mraba 800 mjini au 5,000 kijijini.

Mradi wa gesi wa Afungi, wilayani Palma, uliikuta dikrii hiyo tayari. Kijiji cha Quitunda kikajengwa kwa ajili ya familia kutoka Quitupo na vijiji jirani, na kuanzia mwaka 2019 wakaanza kuhamia nyumba za matofali ya saruji.

Dikrii hiyo inatufundisha mambo mawili. Kwanza, kanuni hubadilika pale wenye nyumba wanapodai kwa sauti moja. Pili, kanuni hiyo inamlinda aliyehamishwa na mradi peke yake. Mkazi wa Palma mjini anayejijengea kwa mikono yake haimhusu. Tena kipimo chake ni ukubwa na aina ya vifaa, na mita 70 za mraba hazimshikii mtu bati.

Kenya ilijaribu njia nyingine. Kanuni zake za majengo za mwaka 1968 zilikuwa za kuchagua: kila halmashauri iliamua wapi itumie daraja la kwanza, la majengo ya kudumu, na wapi itumie daraja la pili, lililoruhusu vifaa vyepesi na vya bei nafuu. Mfumo huo ulichakaa, na kanuni mpya za taifa zilizotolewa mwaka 2024 zilianza kutumika Machi 2025, zaidi ya nusu karne baadaye. Lakini wazo la daraja la pili lina maana hapa kwetu. Linasema nyumba ya miti na udongo ni nyumba, ina sheria yake, na mkaguzi anaweza kuingia humo bila kuanza kwa kuibomoa.

Postura ya kurasa tatu

Ninachopendekeza kinaweza kuandikwa na halmashauri ya Mocímboa da Praia bila kuingojea Maputo. Iwe postura fupi ya nyumba za chumba kimoja mpaka vitatu, inayoanza kazi mtu anapojenga upya au anapotoa makuti na kuweka bati. Madai yake yawe machache. Kila kombamoyo lifungwe kwa waya au ukanda wa chuma kwenye mtambaapanya, na mtambaapanya ufungwe kwenye nguzo. Kila pembe ya nyumba iwe na mti wa mshazari. Paa liwe la pande nne, lenye mwinamo wa kutosha na kingo fupi. Paa la baraza litenganishwe na paa kubwa, ili likichukuliwa lisiondoke na nyumba nzima. Misumari ya bati iongezwe kwenye kingo na pembe.

Ukaguzi uwe wa mara mbili: kabla ya udongo kuficha viungo, na kabla ya bati kupanda. Mkaguzi anaweza kuwa fundi wa mtaa aliyefunzwa na kuandikishwa na manispaa. Uthibitisho wa viongozi wa mtaa kwamba mtu anakaa pale kwa nia njema upokelewe badala ya hati, kwa sababu Sheria ya Ardhi tayari inaukubali ushahidi wa namna hiyo. Na ada iwe ndogo kuliko bei ya bati moja. Ikizidi hapo, watu wataezeka usiku.

Pingamizi la gharama litakuja. Waya na misumari ya ziada ni sehemu ndogo sana ya bei ya paa, na anayenunua mabati ishirini ameshalipa gharama kubwa. Pingamizi la kukata mikoko kwa ajili ya nguzo lina nguvu zaidi, kwa kuwa mikoko ndiyo inayovunja mawimbi ya kimbunga. Kwa hiyo postura iruhusu mbao na nguzo nyingine, mradi kiungo kimefungwa.

Lipo lisilowezekana mjini peke yake: ramani ya upepo ya Msumbiji yenyewe, itakayochukua nafasi ya ile inayoijua Azores. Hiyo ni kazi ya wizara ya ujenzi, Maabara ya Uhandisi ya Msumbiji na vyuo vikuu, na ndiyo itakayoifaa Palma pia. Wakati inasubiriwa, wenye manispaa wana baraza lao. Anayeandaa fedha za mabati mwaka huu ana sababu ya kumwendea mjumbe wake kabla ya kumwendea muuza mabati.