Fundi wa Kompyuta Kisangani: Mteja wa Kwanza Anatoka Wapi?

"Shangazi, nimepata chumba Makiso, si mbali na chuo. Nataka kufungua depanaji ya kompyuta. Nisaidie dola 300: banderoli kubwa, tisheti zenye jina langu na matangazo ya Facebook."

Ujumbe huo wa mtoto wa kaka yangu ulinikuta hapa Brussels nikitoka kazini. Najua wengi wenu mnapokea ujumbe wa namna hiyo kutoka nyumbani, na mkono unakimbilia kutuma. Mimi nilikaa siku tatu bila kujibu. Nilitaka kwanza nijiulize jambo ambalo sisi wa ng'ambo hatulifikirii sana: mtu wa Kisangani anaamuaje kumwachia fundi mashine yake?

Waswahili wana misemo miwili ambayo haisikilizani. Mmoja unasema: biashara matangazo. Wa pili unasema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kijana wetu alikuwa ameshika wa kwanza kwa mikono miwili. Ukiangalia jinsi jiji letu lilivyoishi, utaona kila msemo una wakati wake.

Jiji la kujitafutia

Wazazi wetu walikulia katika jiji la mishahara. Kisangani, iliyoitwa Stanleyville hadi 1966, ndiyo mwisho wa safari ya meli zinazopanda mto kutoka Kinshasa, kilomita zipatazo 1,700, na ng'ambo ya pili ya mto ndipo inapoanza reli ya Ubundu. Palikuwa na kazi bandarini, serikalini, chuoni, na katika SOTEXKI, kiwanda cha nguo ambacho jiji zima lilijivunia. Kisha ukaja uporaji wa 1991 na 1993, zikaja vita, na Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yakapigana kwa siku sita katikati ya mitaa yetu. Kazi zikapotea. Kikabaki kile Wakongo wanachokiita Kifungu cha 15: jitafutie.

Katika miaka hiyo vijana walifunga mto wa kukalia nyuma ya baiskeli wakaanza kubeba abiria. Wakaitwa toleka, neno la Kilingala lenye maana ya "tupite". Toleka hakuwa na kibao wala tangazo. Alisimama mahali watu wanapopita, akamjua mama anayekwenda sokoni alfajiri na mwalimu anayechelewa shule, nao wakamjua yeye. Baadaye pikipiki zilichukua nafasi ya baiskeli, lakini desturi ilibaki ileile: anayejitafutia anaishi kwa wateja wanaomjua kwa sura.

Fundi wa kompyuta ni ndugu wa toleka. Vijana wanatoka Chuo Kikuu cha Kisangani na shule nyingine za jiji na cheti cha informatiki, na ajira hakuna. Lakini mashine zipo: za wanafunzi, za parokia, za mashirika, za vile vyumba vya sekretaria vinavyopiga chapa na kutoa fotokopi karibu na chuo. Nyingi ni za mitumba, na baadhi tulizituma sisi wenyewe.

Nazo zinaharibika sana. Umeme wetu unatoka kwenye bwawa la mto Tshopo, lililojengwa miaka ya 1950, na mitambo yake haiwi yote mizima kila siku. Moto unapanda, unashuka, unakatika, unarudi kwa kishindo. Ikweta iko karibu, kwa hiyo unyevu hauondoki. Vumbi jekundu linaingia kwenye feni. Virusi vinasafiri kwa flashi kutoka mashine hadi mashine. Kazi, basi, si haba. Kwa nini mafundi wengi wanakaa mikono mitupu?

Anachokiogopa mteja

Muulize mtu yeyote Mangobo au Kabondo, atakujibu haraka. Anaogopa kwamba kumbukumbu nzuri itatolewa ndani ya mashine na kuwekwa mbovu. Anaogopa kuambiwa kitu kimekufa wakati kimelala tu. Anaogopa picha za familia yake kuonekana na macho ya watu. Na anaogopa kusubiri, maana kipuri kinaweza kutoka Kinshasa kwa mto au kwa ndege, au Kampala kwa njia ya wafanyabiashara wa Butembo, na kila wiki fundi anasema "kesho".

Nilipokuwa nyumbani Kabondo mwaka juzi, nililiona jambo hili kwa macho yangu. Papa mmoja, mwalimu, alikuja kwetu amebeba laptopu ndani ya kitenge kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Mahali fulani alikuwa ameambiwa ubao mama umeungua na gharama yake ni dola 80. Mashine ilikuwa inalia "pii, pii" na kioo kiko giza. Kijana wetu aliigeuza juu ya meza, akafungua skurubu mbili, akachomoa kijiti cha kumbukumbu. Meno yake ya dhahabu yalikuwa yamefifia kwa ukungu wa unyevu. Akachukua kifutio cha penseli cha mdogo wake, akayasugua polepole mpaka yakang'aa, akapuliza, akarudisha. Kioo kikawaka.

Papa alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Ni pesa ngapi?"

"Papa, hakuna kilichokufa. Nipe tu ya kufungua na kufunga."

Juma lililofuata walikuja walimu watatu wa shule ileile. Hawakuwa wamesoma banderoli yoyote. Dola 80 ambazo papa hakuzitoa ndizo zilizowaleta.

Jina lisemwe na nani?

Msinielewe kwamba watu wetu hawapendi matangazo. Kongo ni nchi ya matangazo. Wanamuziki wetu wana libanga: mtu analipa ili jina lake litajwe ndani ya wimbo, na Koffi Olomide, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1956, ni mmoja wa waliolifanya lijulikane kote. Chéri Samba, ambaye picha zake leo ziko katika makumbusho makubwa ya dunia, alianza kwa kuchora vibao vya maduka Kinshasa kabla ya kufungua karakana yake mwaka 1975. Redioni watu wanalipia komunike za misiba na za kazi. Na mwisho wa misa katibu wa parokia anasoma matangazo, na kanisa zima linasikiliza.

Katika haya yote, jina linabebwa na mdomo au mkono ambao watu tayari wanaujua. Hapo ndipo pesa za Facebook zinapopotea kwa fundi mgeni. Tangazo lake linaonwa na mtu asiyemjua, mwenye mega chache za kuhesabu, na pengine yuko Bunia au Kinshasa. Lakini ujumbe uleule ukiandikwa na kiongozi wa promosheni, yaani wa mwaka mmoja wa chuo, katika kundi la WhatsApp la wanafunzi wenzake, unafika kwa watu hamsini wanaoweza kuja kwa miguu.

Dola 300 ziende wapi

Kwa hiyo tulikaa kwenye simu, mimi na yeye, tukapanga upya.

Kwanza garanti ya chumba na patenti, ile karatasi ya biashara ndogo ambayo msingi wake ni sheria ya Agosti 1979. Watu wengine huiona usumbufu. Kwa mteja, patenti iliyobandikwa ukutani inasema kwamba fundi huyu hatahama usiku.

Pili, stabilizeta, multimita, bisibisi nzuri, pasta ya joto, na diski ya nje ya kuhifadhi kazi za mteja kabla ya kugusa chochote. Nayo diski ni tangazo. Mwanafunzi aliyewahi kupoteza kazi yake ya mwisho wa masomo wiki moja kabla ya kuitetea hawezi kumsahau fundi aliyemwokolea faili zake.

Tatu, kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni. Kila mashine inayoingia inaandikwa namba yake, ukubwa wa kumbukumbu na wa diski, mbele ya mwenyewe, naye anatia sahihi. Siku ya kuchukua wanahakiki pamoja. Chini ya risiti kuna tarehe ya kurudisha na dhamana ya mwezi mmoja. Kipuri kikichelewa, fundi anapiga simu kabla hajapigiwa. Hofu zile nilizozitaja, nyingi zinaishia kwenye karatasi hiyo.

Nne, kibao kimoja kilichochorwa kwa rangi, chenye namba ya simu inayosomeka kutoka juu ya pikipiki.

Kilichobaki hakidai pesa, kinadai miguu. Awatembelee wenye sekretaria mmoja mmoja, kwa sababu kwao mashine ikifa siku moja ni siku ya njaa. Akubaliane na wale wanaouza yuniti chini ya miavuli: anayeleta mteja ana fungu lake. Majira ya kutetea kazi za mwisho wa masomo yanapokaribia, asafishe flashi za wanafunzi bure kwa siku mbili. Jumamosi avuke kwa mtumbwi kwenda Lubunga, akusanye mashine za upande ule, maana mtu wa Lubunga anayebeba kompyuta kuvuka mto anafikiria nauli, mvua na wezi kabla hajafikiria fundi. Hapo ndipo anapojitembeza, na hakuna aibu. Kazi zake za kwanza zikishapata wasemaji, msemo wa pili utaanza kufanya kazi.

Nilituma dola 220. Banderoli haikununuliwa.

Na sisi wa ng'ambo tuna sehemu yetu, kubwa kuliko tunavyodhani. Laptopu ya dada ikiharibika kule, badala ya kutuma pesa ya "kusaidia", mlipe fundi kijana kwa kazi hiyo, kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, na umdai risiti kama mteja yeyote. Akifanya vizuri, taja jina lake katika kundi la familia, katika kundi la parokia, na mkikutana Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels. Wanamuziki hulipwa kwa libanga. Hili letu halina bei, na kijana aliyeanza jana kule Makiso analihitaji leo.